Mtoto wa Nyamahanga Asivuliwe Uraia na Sheria ya Burundi

Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji, Sura 54, na Sheria ya Ardhi, Sura 113, ili watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine wapate kile kilichoitwa hadhi maalum. Walioko ughaibuni walikuwa wamedai uraia pacha kwa miaka mingi. Hawakuupata, wakaambiwa wapokee hadhi. Kuna walioshangilia na kuna waliosonya. Mimi nilisonya, ila si kwa sababu waliyoitaja wenzangu. Kilichoniudhi ni kwamba mjadala ulipamba moto kwa ajili ya watu wazima wenye pasipoti za Marekani, Uingereza na Kanada wanaotaka kiwanja Kigamboni bila kupitia mlango wa nyuma. Sikumsikia mtu akimtaja mtoto. Ilhali mtoto ndiye ambaye sheria yetu, tangu 1995, inamwacha awe na uraia wa nchi mbili bila kumuuliza kitu. Akifikisha miaka 18 sheria hiyohiyo inamgeuka.

Jambo hili linatazamika vizuri zaidi ukiwa Kagera kuliko ukiwa Dodoma. Nyamahanga, na vijiji vya Biharamulo na Ngara kwa jumla, viko kwenye pembe ambapo Tanzania inakutana na Rwanda na Burundi. Barabara ya kutoka Lusahunga kwenda Rusumo inapitisha malori ya Kigali na Bujumbura usiku na mchana. Kihangaza na Kishubi vinasikilizana na Kirundi na Kinyarwanda bila mkalimani. Huko kuoa ng'ambo ya mpaka ni kuoa kwa jirani tu, na hakuna bibi anayeuliza mkwe ana pasipoti ya rangi gani. Kwa hiyo ukitaka kuuona uraia pacha wa nchi hii, usiende uwanja wa ndege kusubiri ndege ya kutoka Dubai. Nenda kwenye mnada wa ng'ombe, nenda kliniki siku ya kupima watoto.

Sheria yenyewe haina utata mwingi kama watu wanavyodhani. Sheria ya Uraia, Sura 357, inamhesabu mtoto aliyezaliwa hapa nchini na mzazi Mtanzania kuwa raia tangu siku aliyozaliwa. Aliyezaliwa nje, iwe Muyinga kule Burundi, Kigali au Columbus kule Ohio, ni raia wa kurithi iwapo baba au mama yake ni Mtanzania, mradi mzazi huyo naye asiwe raia wa kurithi. Sheria ya zamani ya 1961 ilimfuata baba kwa mtoto aliyezaliwa nje. Ile ya 1995 ikamwingiza mama. Lilikuwa jambo la haki na lilichelewa. Mtoto huyu haombi uraia kwa mtu, anao tayari. Pasipoti ni karatasi ya kuthibitisha alicho nacho, na afisa anayeitoa hafanyi hisani.

Hayo ni ya kwenye kitabu. Mbele ya dirisha la uhamiaji mpakani mambo huenda hivi. Mama amefika na mtoto wa miaka sita na mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko kuna kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, nakala ya kitambulisho chake cha taifa cha NIDA, na barua ya mtendaji wa kijiji yenye mhuri uliofifia. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto ama hakipo ama kimeachwa nyumbani kisichanike.

"Mama, baba wa huyu mtoto ni nani?"

"Ni mume wangu, afande. Yuko Muyinga, ndiko tunakokwenda."

"Basi huyu ni Mrundi."

Hapo mama wengi hawabishani. Foleni ni ndefu, mtoto analia, na mume ana karatasi ya Burundi ya mtoto ambayo haitazua maswali. Basi siku ya kurudi mtoto anapitishwa kwa karatasi ya baba. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki halipi viza, kwa hiyo inaonekana hakuna hasara. Lakini hasara ipo. Mtoto ameandikwa mgeni. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mgeni wa Jumuiya muda wa hadi miezi sita. Ndiyo kusema mtoto anayesoma shule ya msingi ya kata yake, anayelala kwa bibi yake mzaa mama, anahesabiwa siku za kukaa kwao. Na rekodi hiyo haifutiki. Inakaa kwenye kompyuta ikimsubiri akue.

Kuna jambo jingine ambalo watunga fomu wa Dar es Salaam hawalijui, na mtu wa Ngara analijua tangu utotoni. Kwetu fomu inataka jina la mtu, la baba na la babu. Burundi na Rwanda mtoto hupewa jina lake mwenyewe la Kirundi au Kinyarwanda, pamoja na la ubatizo, na hilo jina la asili si lazima liwe la baba yake. Mtoto mmoja basi anakuwa na karatasi mbili zenye majina yasiyofanana hata herufi. Mzazi akizitoa zote mbili kwa nia njema kabisa, afisa anaona watu wawili kwenye karatasi na mtoto mmoja mbele yake. Anayeshukiwa ni mama. Dawa yake ni ya kazi lakini ipo: cheti cha kuzaliwa cha RITA kiandikwe mapema, majina ya wazazi wote wawili yakiwa kamili, na jina lililo kwenye karatasi ya upande wa pili lipangwe lifanane nalo. Na safari ianze kwa karatasi ya Tanzania na iishe kwa karatasi ya Tanzania.

Sheria za kumlinda mtoto anayesafiri sizipingi. Ukiomba pasipoti ya aliye chini ya miaka 18 unadaiwa ridhaa ya wazazi, na hiyo ni sawa kabisa, kwa sababu watoto huibwa na watoto huuzwa. Afrika Kusini ilifika mbali zaidi 2015, ikataka kila mtoto anayevuka mpaka awe na cheti kirefu cha kuzaliwa kinachowataja wazazi wote. Watalii wakapungua, wenye hoteli wakalia, na kufikia 2019 masharti yakalegezwa. Ridhaa ya baba ni kitu kimoja. Uraia wa baba ni kitu kingine. Tatizo la mpakani kwetu ni kuvichanganya hivyo viwili.

Yote hayo yanarekebishika kwa afisa mwenye busara na mzazi aliyejiandaa. Lisilorekebishika kwa busara ya mtu yeyote ni kifungu cha 7 cha Sheria ya Uraia, na hapo ndipo naomba msomaji tusimame.

Kifungu hicho kinasema mtu ambaye, akifikia umri wa miaka 18, ni raia wa Tanzania na pia ni raia wa nchi nyingine, uraia wake wa Tanzania utakoma ndani ya muda uliowekwa, isipokuwa ameukana ule wa pili na kula kiapo cha utii. Wengi wanakisoma hivi: ukichukua uraia wa nchi nyingine unapoteza wa kwetu. Sivyo kilivyoandikwa. Hakiulizi kama uliuchukua. Kinauliza kama unao. Na swali la kama unao au huna halijibiwi Dodoma. Linajibiwa na sheria ya hiyo nchi nyingine.

Sasa tuichukue Burundi. Sheria yake ya uraia ya Julai 2000 inaruhusu mtu awe na uraia wa nchi mbili, lakini mtoto huupata uraia wa Burundi kupitia baba. Mama Mrundi humpa mtoto uraia pale tu ambapo baba hajathibitika kisheria. Mashirika yanayotetea haki za wanawake yameipigia kelele Burundi kwa hilo. Hiyo ni shida yao, utasema. La, ni shida yetu pia.

Wachukue watoto wawili wa boma moja pale Nyamahanga. Mmoja ni wa binti wa nyumba ile, aliyeolewa na Mrundi. Mwingine ni wa kaka yake, aliyeoa Mrundi. Wana bibi mmoja, wanapika chungu kimoja, wanasoma darasa moja, na hakuna kati yao aliyewahi kumiliki karatasi yoyote ya Burundi. Wa kaka ni Mtanzania mtupu, kwa kuwa mama yake Mrundi hawezi kumrithisha uraia maadamu baba anajulikana. Wa dada ni Mtanzania kwa mama na Mrundi kwa baba, apende asipende, ajue asijue. Wote wakifikisha miaka 18, wa kaka anaendelea na maisha yake. Wa dada saa yake imeanza kuhesabu. Asipokwenda kuukana uraia ambao hajawahi kuuona, wala kuula, wala kuusafiria, uraia wake wa Tanzania unakufa.

Hakuna alilofanya tofauti na binamu yake. Tofauti ni kwamba mzazi wake Mtanzania ni mwanamke. Kwa hiyo sheria ya 1995, iliyojisifu kwa kumwingiza mama mlango wa mbele katika vifungu vya mwanzo, inamtoa mwanawe mlango wa nyuma katika kifungu cha 7. Na anayemtoa si Bunge letu kwa kura yake, maana halikukusudia hivyo. Anayemtoa ni mfumo dume wa sheria ya jirani, ambao sisi tumeukabidhi kifutio tukauambia ufute majina kwenye daftari letu. Burundi ikibadilisha sheria yake kesho, idadi ya raia wa Tanzania waliofikisha miaka 18 katika wilaya ya Ngara itabadilika bila mbunge yeyote wa Tanzania kunyoosha mkono. Nchi inayojiita huru inawezaje kukaa na kifungu cha namna hiyo kwa miaka 30?

Na kukana kwenyewe kunafanywaje? Ili uukane uraia wa Burundi mbele ya mamlaka za Burundi, kwanza uwathibitishie kwamba unao. Uwe na cheti cha kuzaliwa cha kule, au utambulisho wa baba, ambaye pengine aliondoka ukiwa mchanga. Kijana aanze kutafuta ushahidi kwamba ni Mrundi ili aruhusiwe kubaki Mtanzania! Sheria imeweka mwanya kwa wale ambao nchi yao ya pili hairuhusu kuukana: watoe tamko. Sawa. Ni nani amewahi kusomewa mwanya huo? Kijana wa Biharamulo akitimiza miaka 18 haletewi barua na mtu. Anaitwa kujiandikisha NIDA, anaitwa kujiandikisha kupiga kura, anaimba wimbo wa taifa kidato cha nne. Hakuna anayemwambia kwamba kuna kiapo alipaswa kula.

Atalijua siku atakapong'ara. Ndivyo mambo haya yalivyo hapa nchini. Mkulima wa migomba hasumbuliwi uraia. Anayesumbuliwa ni aliyeomba pasipoti kwenda kusoma, aliyeomba kazi serikalini, aliyegombea, aliyeandika gazetini. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba mwandishi Jenerali Ulimwengu, balozi Timothy Bandora na Anatoli Amani, aliyekuwa kiongozi wa CCM mkoani Kagera, si raia. Walikuwa wameitumikia nchi hii utu uzima wao wote, na Ulimwengu ikambidi auombe uraia aliokuwa akidhani anao. Mwishoni mwa 2017 Askofu Severine Niwemugizi wa Jimbo la Rulenge-Ngara aliitwa na Uhamiaji kuhojiwa juu ya uraia wake, muda mfupi baada ya kuzungumzia Katiba mpya. Kesi hizo hazikuhusu kifungu cha 7. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha silaha inavyotumika ikiwa imewekwa mezani. Kifungu cha 7 kinaiweka silaha hiyo juu ya kila mtoto wa mama Mtanzania na baba wa ng'ambo, kisha kinasubiri mtoto huyo awe mtu wa kusikilizwa.

Wapo wanaotetea hali ilivyo, na hoja zao nazijua. Wanasema Kagera si mahali pa kulegeza. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya takriban saa 24, na Benaco ikageuka mji kwa usiku mmoja. Warundi nao walikuja kwa mafungu wakakaa kambi ya Lukole kwa miaka. Silaha zilipita, ujambazi wa barabarani ulipita, na ardhi iligombaniwa. Wanasema pia mtu hatumikii mabwana wawili. Ni kweli kwamba mkoa huu uliumia, na anayelikejeli hilo hajaishi hapa.

Lakini wakimbizi hawakuingia kwa kifungu cha 7, wala hakiwezi kumzuia hata mmoja. Jambazi hajali kiapo cha utii. Na jibu letu kwa hofu hiyo tumeshaliona: Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke, na Septemba ikaja Operesheni Kimbunga. Maelfu walisombwa kupelekwa mpakani. Familia za mchanganyiko zilikatwa vipande, baba huku, mama na watoto kule. Hiyo ndiyo hekima ya kuuliza "baba yako ni nani" mbele ya gari la polisi. Kuhusu mabwana wawili, sheria inamruhusu mtoto awatumikie kwa miaka 18 mizima bila taifa kuanguka. Kenya iliukubali uraia pacha katika Katiba ya 2010, Uganda ilishafanya hivyo kabla yake, Rwanda katika Katiba ya 2003. Katika majirani zetu wa Jumuiya mwenye msimamo kama wetu ni Kongo, ambayo Katiba yake ya 2006 inasema uraia wake ni mmoja na hauchanganywi. Sidhani kama Kongo ndiyo tungependa kufananishwa nayo katika suala la utulivu wa mipaka.

Mtoto wa ughaibuni naye yumo humuhumu, ingawa mzigo wake ni mwepesi. Marekani inamtaka raia wake aingie na kutoka kwa pasipoti ya Marekani. Mzazi Mtanzania aliyeko Ohio asipomkatia mwanawe pasipoti ya pili kupitia ubalozi wetu Washington, analipa dola 100 za viza ili raia wa Tanzania aruhusiwe kumtembelea babu yake Biharamulo. Wengi wanalipa kwa sababu ni haraka kuliko kukusanya nyaraka. Naye akifika miaka 18 atachagua. Lakini huyo atachagua kweli, akiwa na karatasi zote mbili mkononi, mwanasheria kwenye simu, na sasa hadhi maalum kama godoro la kuangukia. Wa Nyamahanga hana godoro. Haki ya kuchagua ina maana kwa anayejua kwamba kuna vitu viwili vya kuchagulia.

Ujerumani ilijaribu sharti linalofanana na letu. Kuanzia 2000 watoto wa wageni waliozaliwa huko walipewa uraia wa Kijerumani, kisha wakatakiwa kuchagua kabla ya kufikisha miaka 23. Mwishoni mwa 2014 waliokulia nchini humo waliondolewa sharti hilo, na Juni 2024 uraia wa nchi mbili ukaruhusiwa moja kwa moja. Na hata wakati ule, mamlaka zilimwandikia kijana barua kumjulisha.

Sitaki kusubiri uraia pacha kwa kila mtu. Bunge limeshaonyesha halitaki, na wanaoudai wana sauti ya kutosha bila yangu. Nataka dogo zaidi. Kifungu cha 7 kiongezewe maneno kwamba mtu ambaye uraia wake wa pili ulitokana na kuzaliwa, na ambaye baada ya kutimiza miaka 18 hajachukua pasipoti ya nchi hiyo wala kupiga kura huko, ahesabiwe amechagua Tanzania. Kwa wengine, fomu ya NIDA inayojazwa mtu akifikisha miaka 18 iongezewe mstari wa tamko, afisa aliyepo amwapishe, kesi ifungwe siku hiyohiyo. Hakuna ofisi mpya wala bajeti mpya inayohitajika. Na Uhamiaji watoe waraka mmoja kwa madirisha yote ya mpakani: mtoto wa mama Mtanzania asiulizwe uraia wa baba kama sharti la kurudi kwao.

Mzazi wa mpakani asingoje Bunge. Mwandikishe mtoto RITA akiwa bado kliniki, jina la mama likiwa limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye kitambulisho chake. Mkatie hati ya Tanzania kabla ya safari ya kwanza, na usimrudishe nyumbani kwa karatasi ya ugenini hata kama foleni inafika barabarani. Akikaribia miaka 18, mpeleke ofisi ya Uhamiaji ya wilaya aulize kwa maandishi, na jibu alidai kwa maandishi.

Wabunge wa Ngara na Biharamulo wanawajua watoto hawa kwa majina, kwa sababu ni watoto wa wapiga kura wao. Waupeleke Dodoma muswada wa kurekebisha kifungu cha 7.